Dizeli ya bwawani, mwani wa kamba, samadi au mkonge: nishati ipi inamfaa mtu wa Tanga?

Tangu ujenzi wa bomba la mafuta ghafi uanze, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, mazungumzo ya mafuta hayakauki Tanga. Na penye mazungumzo ya mafuta hapakosi mtu wa kuuliza kwa nini tusiyalime ya kwetu. Anayeuliza mara nyingi ni kijana mwenye ekari mbili tatu karibu na bahari, au kikundi cha kina mama kinachotafuta mradi. Wameona video za mabwawa ya kijani yanayodaiwa kutoa dizeli, na kuna mtu amewaahidi mbegu, mafunzo na soko. Wanataka kujua waanze au waache.

Ninaposimama nitapasema mapema, ili msomaji apime kila nitakalosema. Kwa nishati ya kupikia na ya kuendesha mashine ndogo, Tanga ina samadi na makapi ya mkonge, na hivyo viwili vinaushinda mwani wa aina zote kwa mbali. Mwani una kazi zake nzuri, na nitazitaja, lakini kuuchoma si mojawapo. Nalisema hili kwa uchungu kidogo, kwa sababu pwani hii imeshaahidiwa mafuta ya mimea mara nyingi. Wengi bado wanakumbuka miaka ya 2000, mbono kaburi ulipoletwa kama zao litakalomaliza shida ya dizeli. Kule Bagamoyo nako kulikuwa na mipango ya miwa ya ethanoli iliyokaa kwenye makaratasi miaka na miaka. Aliyebaki na hasara safari zile alikuwa mkulima.

Swali la kwanza la kujiuliza ni nishati hiyo unaitaka ya nini. Mtu wa injini ya boti anahitaji kitu cha maji kinachokaa kwenye dumu. Mama lishe anahitaji moto wa bluu chini ya sufuria, asubuhi na jioni, bila moshi. Nyumba nyingi zetu ziko upande wa mama lishe: fedha inakwenda kwenye mkaa, na mkaa na kuni vinamaliza misitu ya bara na mikoko ya ufukweni. Serikali imejiwekea Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania. Kwa hiyo nikilinganisha, jiko ndilo nitakalolipa uzito zaidi.

Bwawa la kijani

Huu ni mwani mdogo, vijichembe ambavyo jicho haliwezi kukiona kimoja kimoja. Ndivyo vinavyogeuza maji ya tangi lililo wazi kuwa ya kijani. Baadhi ya aina zake huhifadhi mafuta ndani ya chembe, na mafuta hayo yakikamuliwa yanaweza kugeuzwa dizeli. Sifa zake si za uongo: hauhitaji shamba la rutuba, aina nyingine huota kwenye maji ya bahari, na kwa ukubwa wa eneo hakuna mmea wa nchi kavu unaoufikia kwa haraka ya kukua.

Wamarekani waliufanyia utafiti wa serikali kuanzia 1978 hadi 1996. Walikusanya aina zaidi ya 3,000, wakachimba mabwawa Roswell, New Mexico, na mwisho wakakiri kwamba mafuta yake ni ghali kuliko ya petroli. Mwaka 2009 ExxonMobil ikatangaza kuwa tayari kutumia hadi dola milioni 600 kwenye kazi hiyohiyo. Mwaka 2023 ikajulikana kuwa imejitoa. Ile habari ya ndege ya abiria iliyoruka kutoka Houston kwenda Chicago mwaka 2011 ikiwa na mafuta ya mwani ni kweli. Lakini mwani ule haukukulia bwawani wala kwenye jua. Ulikuzwa gizani ndani ya matangi ya chuma, ukilishwa sukari. Kampuni iliyoutengeneza, Solazyme, baadaye iligeukia vyakula na vipodozi, na mwaka 2017 ikafilisika. Anayekuonyesha picha ya ndege ile akuonyeshe pia sukari ilikotoka.

Tuilete hesabu nyumbani. Chukua hekta moja, yaani ekari mbili na nusu, ya mabwawa yenye kina cha sentimita 20 hadi 30, maji yakizungushwa mchana kutwa na gurudumu la makasia. Bwawa linalotunzwa vizuri sana kwenye jua la joto hutoa gramu 20 hivi za mwani mkavu kwa kila mita ya mraba kwa siku. Hekta nzima basi inakupa kilo 200 kwa siku. Tuseme asilimia 20 yake ni mafuta: kilo 40, ambazo ni lita arobaini na kitu. Si haba, na mtu akiishia hapo lazima atamani.

Sasa tazama kinachoingia. Katika bwawa la wazi, lita moja ya maji hubeba nusu gramu hivi ya mwani. Kuzipata kilo 200 itabidi uchuje lita 400,000 za maji kila siku, Jumapili na sikukuu, kwa pampu na mashine zinazokula umeme. Na wavu hausaidii, kwa sababu chembe ni ndogo mno. Jua la Tanga likikausha milimita tano kwa siku, hekta hiyo inapoteza lita 50,000 za maji, na ukirudishia maji ya bahari pekee, chumvi inapanda mpaka mwani wenyewe unadhoofika. Kila kilo ya mwani hula kilo 1.8 hivi ya hewa ya ukaa. Kwa kilo 200 ni kilo 360 kwa siku, na hewa inayotuzunguka haiingizi kiasi hicho kwa kasi inayotakiwa. Ndiyo maana mabwawa makubwa hutamaniwa jirani na bomba la moshi wa kiwanda. Mwenye kiwanda cha saruji pale Pongwe angeweza kulifikiria. Kikundi cha Kigombe hakina bomba hilo.

Kinachoniuma zaidi ni mbolea. Mwani mkavu una naitrojeni ya asilimia saba hivi. Kwa kilo 200 ni kilo 14 za naitrojeni, sawa na kilo 30 za urea. Zaidi ya nusu ya mfuko wa kilo 50, kila siku, ili upate lita arobaini za mafuta ambayo bado hayajasafishwa! Nenda duka la pembejeo uulize bei ya mfuko, halafu pita kituo cha mafuta uulize bei ya dizeli. Watakwambia kwamba ukiunyima mwani naitrojeni, mafuta yanaongezeka ndani ya chembe. Ni kweli, ila ukuaji nao unapungua, na mavuno ya jumla yanashuka. Mashudu yanayobaki yanaweza kuchachushwa kwa gesi na mbolea ikarudishwa bwawani, na watafiti makini hufanya hivyo. Huo sasa ni mtambo wa pili juu ya wa kwanza.

Je, mwani mdogo hauna faida? Unayo, na Tanga tunaiona kwa macho. Pita kwenye mashamba ya chumvi wakati wa kaskazi, maji yakiwa yamekolea na yanakaribia kuganda. Bwawa la mwisho huwa la waridi, na kadiri jua linavyopiga ndivyo linavyoelekea wekundu. Kingoni povu hukauka likaacha ukoko mwembamba wa rangi ya machungwa, na ukiusugua kwa kidole unabaki na doa. Sehemu ya rangi hiyo ni Dunaliella, mwani unaojikinga na jua na chumvi kwa kujijaza beta-karotini. Australia na Israeli hulima mwani huohuo kibiashara, wakauza rangi na virutubisho kwa bei ambayo dizeli haitaifikia kamwe. Spirulina nayo huuzwa kama chakula. Na aliye na bwawa la maji chumvi tayari anaweza kufuga mwatiko, samaki anayekula utando wa mwani unaoota sakafuni mwa bwawa lililotiwa samadi ya kuku. Hapo mwani unavunwa na samaki mwenyewe, bila pampu, na samaki ana soko Tanga mjini.

Mwani wa kamba

Huu kina mama wa pwani wanaujua kuliko mtaalamu yeyote. Majaribio yake yalianzishwa na Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970, kilimo cha biashara kikashika Zanzibar mwaka 1989, na miaka ya 1990 kikaenea pwani ya bara. Leo utaukuta kuanzia Mkinga hadi Pangani, na Mlingotini kule Bagamoyo: vigingi, kamba, taitai, na wanawake wanaoinama majini bamvua baada ya bamvua.

Anayewaambia wanawake hawa kwamba mwani wao una dizeli hajaupima. Spinosamu na kotonii, aina mbili wanazolima, zina mafuta kidogo mno, chini ya asilimia tano ya uzito mkavu. Sehemu kubwa ni karajinani, ile inayotafutwa na viwanda vya chakula na dawa ya meno, pamoja na chumvi na maji. Unachoweza kupata ni gesi ya kuchachusha, au ethanoli kwa gharama kubwa. Na gesi yenyewe si nyingi: kilo moja ya mwani mkavu, kama unavyopimwa kwenye mizani ya mnunuzi, ikiingizwa mtamboni hutoa joto lisilofikia la robo lita ya dizeli. Linganisha bei ya robo lita na bei unayolipwa kwa kilo, kisha kumbuka kwamba bado hujajenga mtambo. Isitoshe, mwani una salfa, na salfa mtamboni huwa gesi inayonuka yai bovu, inayotafuna vyuma vya injini na kumdhuru mtu akiivuta kwa wingi kwenye chumba kisicho na hewa.

Tena mwani wenyewe una shida zake zinazotaka fedha na akili zetu. Kotonii, yenye bei nzuri, imekuwa ikifa kwa joto la maji na magonjwa, na wakulima wengi wamebaki na spinosamu ya bei ya chini. Mtafiti Flower Msuya, aliyefanya kazi Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, ameshirikiana miaka mingi na wakulima kuhamishia kotonii kwenye maji ya kina na kuongeza thamani ya mwani kwa sabuni na bidhaa nyingine. Kikundi chenye akiba kidogo kiielekeze huko, kwenye boti, nyavu za bomba na sehemu safi ya kukaushia. Kipande kimoja cha sabuni ya mwani kinamwingizia mama zaidi ya gesi ya mwani uliomo ndani yake.

Yapo masalia, hata hivyo: mwani uliong'olewa na kusi ukatupwa ufukweni, au uliooza kwa mvua kabla haujakauka. Huo osha kwa maji baridi, uchanganye kidogo kidogo kwenye mtambo wa samadi, na usiuache uwe sehemu kubwa, maana chumvi huua vijidudu vinavyotengeneza gesi. Kijiji chenye shida ya maji baridi kisijisumbue. Kiuzike kwenye mashina ya minazi baada ya mvua kuutoa chumvi.

Samadi

Hapa ndipo Tanga ina bahati ambayo mikoa mingi haina. Ufugaji wa ng'ombe wa maziwa wa ndani umekuwepo tangu miaka ya 1980, na kiwanda cha Tanga Fresh kimekuwa kikikusanya maziwa ya wafugaji wadogo tangu miaka ya 1990. Maana yake samadi iko uani, imekusanyika sehemu moja, haihitaji kukimbizwa malishoni. Ujenzi wa mitambo ya kuba chini ya ardhi, inayochachusha samadi itoe gesi, nao si mgeni: CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichoko Arusha, kiliusambaza nchini kwa miaka mingi, na mwaka 2009 ulianza mpango wa kitaifa wa bayogesi ya majumbani.

Ng'ombe wawili chotara wanaolishwa vizuri ndani hutoa samadi kama kilo 40 kwa siku. Kilo moja hutoa lita 35 hadi 40 za gesi, kwa hiyo mtambo wako unakupa lita 1,400 hadi 1,600. Jiko la moto mmoja hula lita 300 hadi 400 kwa saa. Ni kama masaa manne ya kupika, na maharage yanaiva ndani ya muda huo pamoja na chai na ugali wa jioni. Kazi ya kila siku ni fupi: samadi na maji kwa kiasi sawa, vinakorogwa kwenye kisima kidogo cha saruji mpaka viwe laini kama uji, mabua na mawe yanatolewa kwa mkono, kizibo kinachomolewa mchanganyiko uingie. Upande wa pili linatoka tope lililokwisha kuchacha, halina inzi wala harufu kali, nalo linakwenda moja kwa moja kwenye majani ya kulishia ng'ombe au kwenye migomba.

Sitaki kulionea bwawa. Lile bwawa la hekta moja, likienda bila hitilafu hata moja, linatoa nishati sawa na ng'ombe wapatao 80. Ni eneo dogo kwa nishati nyingi, na hilo ni sifa yake ya haki. Tofauti ni kwamba bwawa linakula nusu mfuko wa urea kila kukicha, wakati ng'ombe anaacha mbolea. Bwawa linatakiwa lijilipe kwa mafuta peke yake, wakati ng'ombe amekwisha kujilipa kwa maziwa na gesi ni ya ziada.

Ubaya wa samadi uko kwenye masharti yake. Kama huna ng'ombe angalau wawili wa ndani, au maji yanatoka mbali, au ng'ombe wako wanalala malishoni, mtambo utalala njaa na kuba litakuwa shimo la hasara. Gharama ya kujenga ni kubwa kwa mara moja: saruji, matofali, bomba na fundi anayejua kuba. Fundi wa nyumba za kawaida asikujengee kwa kubahatisha. Ufa mwembamba juu ya kuba unavujisha gesi yote, na hutauona. Wala usitegemee gesi hii iendeshe boti, kwa sababu haibebeki bila kushindiliwa kwa mashine za bei kubwa.

Mkonge

Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf, na miche 62 iliyosalimika safarini ilipandwa karibu na Pangani. Tangu hapo tumeufanya mmea wa singa, yaani nyuzi zake, na singa ni kama asilimia nne tu ya jani. Kila tani moja ya singa inayotoka kwenye korona, mashine ya kukamulia majani, inaacha tani 24 za majimaji na nyama ya jani. Makapi hayo yana asidi, yananuka, na yakitiririkia mitoni yanaua samaki.

Makapi hayohayo huchacha vizuri yakatoa gesi. Hale, wilayani Korogwe, ndipo ilipothibitishwa: mtambo wa Katani Limited, uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa UNIDO na Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa, ulikuwa wa kwanza duniani kuzalisha umeme kutokana na makapi ya mkonge, ukiwa na uwezo wa kilowati 150. Huu si mradi wa uani. Ni wa shamba lenye korona, au wa vyama vya ushirika vya wakulima wadogo kama vya Ngombezi, Mwelya, Magunga, Magoma na Hale, ambao majani yao yanakamuliwa pamoja. Korona ikisimama, kwa ubovu au kwa ukosefu wa majani, vijidudu vinakosa chakula, kwa hiyo mtambo wa aina hii unataka ratiba thabiti na akiba ya samadi ya kuushikilia. Majani ya mkonge ni magumu, nyuzi fupi huziba bomba, asidi huhitaji kutulizwa kabla ya kuingia. Anayetaka kuanza aongee na TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa kilimo cha mkonge, na Bodi ya Mkonge kabla ya kuongea na muuza mitambo.

Kati ya njia zote nne, hii ndiyo ninayotamani ipewe fedha za umma. Inaondoa uchafu mtoni, inaendesha mashine za shamba lenyewe, na malighafi yake tumekwisha kuilipia kwa jasho.

Ukikutana na muuza bwawa

Najua wapo watakaoendelea na wazo la bwawa, na si vibaya, ilimradi fedha si ya mkopo wa nyumba. Kwa hao nina maswali machache. Muulize mwenye mradi mavuno ya mwaka mzima kwa gramu, masika yakiwemo, wakati mvua inapopunguza chumvi na matope yanapoingia. Muulize hewa ya ukaa inatoka wapi na nani anailipia. Muulize mashine ya kutenganisha mwani na maji inakula uniti ngapi za umeme kwa lita moja ya mafuta. Muulize mnunuzi ni nani, na kama mnunuzi huyo ananunua mafuta au ananunua mwani wenyewe kwa ajili ya chakula cha samaki na virutubisho. Mara nyingi jibu la mwisho ndilo linalofichua biashara halisi, na huenda ni biashara nzuri, ila si ya dizeli.

Kisha mwombe mwanze na bwawa dogo la mita kumi za mraba, la plastiki, lipite kaskazi, masika na kusi. Vuneni kila wiki, kausheni, pimeni kwenye mizani mbele ya kikundi chote na kuandika daftarini. Mkipata gramu 10 badala ya 20 kwa mita ya mraba kwa siku, zile lita arobaini nilizozitaja zimekuwa ishirini, na hapo ndipo mpige hesabu upya kabla mtu yeyote hajaweka sahihi.